Tadhg, Thaddaeus, Timothy: Majina ya Waayalandi katika Madaftari ya Jeshi na ya Parokia

Mtu atafutaye asili ya ukoo wake nchini Ayalandi hukutana kwanza na moto. Tarehe 30 Juni 1922, siku ya tatu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko mkubwa uliiangamiza hazina ya kumbukumbu za umma iliyokuwa ndani ya eneo la Four Courts mjini Dublin, ambamo wapinzani wa mkataba na Uingereza walikuwa wamejizatiti na kuzingirwa. Vipande vya karatasi zilizoungua vilipeperuka juu ya mji vikaanguka mitaani. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea zote isipokuwa mabaki machache. Hati za wasia za karne nyingi ziliteketea. Na yapata madaftari elfu moja ya Kanisa la Ayalandi, yaani kanisa la Kianglikana la nchi hiyo, yakawa majivu.

Si haki, hata hivyo, kuutwika moto huo lawama zote. Sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe baada ya takwimu kutolewa, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, karatasi ilipoadimika. Ndiyo maana sensa ya kwanza iliyosalia nzima ni ile ya 1901. Usajili wa serikali wa vizazi na vifo vya watu wote haukuanza mpaka Januari 1864, na wakati huo Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 ilikuwa imekwisha kuua watu wapatao milioni moja na kuwatoa nchini milioni nyingine.

Katika habari hii ya uharibifu limo jambo moja ambalo mimi huliona kuwa la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mwaka 1908 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya pensheni ya wazee, kwa ajili ya waliotimiza miaka 70. Wazee wa Ayalandi waliozaliwa kabla ya 1864 hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wengi wao waliomba, kwa hiyo, sensa za 1841 na 1851 zichunguzwe ili yapatikane majina yao wakiwa watoto, na makarani wakanakili mistari iliyohusika. Sensa zenyewe ziliungua. Nakala nyingi za mistari hiyo zipo. Leo hii maskini aliyedai shilingi chache za uzeeni huonekana katika kumbukumbu, na jirani yake tajiri, ambaye hakuwa na haja ya kudai, hayumo.

Ni nini basi kilichosalia? Zipo orodha za kodi ya ardhi, hasa ile iitwayo ya Griffith, iliyotolewa kati ya 1847 na 1864. Lakini hizo humtaja mwenye nyumba tu, bila mke wala mtoto. Kwa mtafutaji wa babu wa karne ya 19 ambaye hakuwa na shamba wala cheo, milango mikubwa imebaki miwili. Wa kwanza ni madaftari ya ubatizo na ndoa ya parokia za Kikatoliki. Kanisa la Ayalandi lilikuwa kanisa rasmi hadi 1871, na baada ya hapo sheria iliyafanya madaftari yake kuwa mali ya serikali, mengi yakapelekwa Dublin yatunzwe vyema. Madaftari ya Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi wa wananchi, hayakuhitajiwa na mtu. Yakabaki katika nyumba za mapadri. Yaliyothaminiwa yakaungua, yaliyopuuzwa yakasalimika. Mlango wa pili ni nyaraka za jeshi la Uingereza, ambazo moto wa Dublin haukuzigusa kwa sababu zilikuwa London.

Katika milango yote miwili, jina la babu huyo halikuandikwa kwa lugha aliyoitiwa nyumbani. Padri aliandika kwa Kilatini au Kiingereza. Karani wa jeshi aliandika kwa Kiingereza. Sensa ya 1851 ilihesabu wasemaji wa Kiayalandi, lugha ya Kikelti ya wenyeji, wapatao 1,500,000 katika watu wapatao milioni sita na nusu, na hapana shaka kabla ya Njaa Kuu walikuwa wengi zaidi. Hoja ya makala haya ni kwamba utafutaji wa nasaba za Ayalandi, ambao aghalabu hudhaniwa kuwa kazi ya subira na miwani, ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi nyingine yoyote. Asiyezijua njia ambazo jina lilipitia kutoka mdomoni mwa mama hadi kalamuni mwa karani atampita babu yake bila kumwamkia.

Tuanze na jeshi. Mnamo 1830 zaidi ya askari 40 katika kila 100 wa jeshi la Uingereza, tukiwaacha maofisa, walikuwa wazaliwa wa Ayalandi, ingawa nchi hiyo ilikuwa na kama theluthi moja tu ya watu wote wa ufalme. Hawakusukumwa na mapenzi kwa mfalme. Wakatoliki walikuwa wamezuiwa kisheria kushika silaha kwa muda mrefu, na vikwazo hivyo vililegezwa kwa sehemu kubwa mwaka 1793, wakati Uingereza ilipohitaji watu wa kupigana na Ufaransa. Kijana asiye na ardhi aliipokea shilingi ya mfalme kwa kuwa haikuwapo shilingi nyingine.

Jeshi lilimwandika kijana huyo kwa makini ambayo hakuyapata popote pengine maishani mwake. Hati ya kuachishwa jeshi ya askari aliyepewa pensheni hutaja parokia na kaunti aliyozaliwa, umri alipoandikishwa, kazi aliyokuwa akiifanya, kimo chake kwa futi na inchi, rangi ya nywele, ya macho na ya uso, mahali alipotumikia, majeraha yake na mwenendo wake. Hati hizo, za kuanzia 1760 hadi 1913, zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Humo zimo pia kumbukumbu za Kilmainham, hospitali ya askari wastaafu iliyojengwa Dublin katika miaka ya 1680, ambayo ilishughulikia pensheni za jeshi la Ayalandi mpaka 1822. Mjukuu ambaye hajapata kuiona hata picha ya babu yake aweza kujua kwamba macho yake yalikuwa ya kijivu.

Lakini hati hiyo ina vizuizi vyake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ni ya wale waliopata pensheni; aliyekufa kwa homa nchini India, au aliyetoroka, hayumo katika mfululizo huo, na hana budi kutafutwa katika orodha za mishahara za kila rejimenti. Umri haufai kuaminiwa, maana mvulana aliyetaka kuandikishwa alijiongezea miaka. Na ile parokia iliyotajwa huwapoteza watu wengi, kwa sababu ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi kuliko msomaji wa Kiingereza. Kiingereza kina neno moja. Sisi tunayo mawili. Wakatoliki wetu husema parokia, na Waanglikana wengi husema parishi. Karani wa jeshi alipoandika mahali pa kuzaliwa, aghalabu alikusudia parishi, yaani mgawanyo wa zamani wa kanisa rasmi ambao serikali iliutumia pia kwa kodi na sensa. Parishi za namna hiyo zilikuwa kama 2,500. Parokia za Kikatoliki zilizidi 1,000 kidogo, na mipaka yake ilikuwa mingine na majina yake mara nyingi mengine. Mtafutaji akiliona jina la parishi katika hati ya Kew na kulitafuta miongoni mwa parokia, huenda asilipate kabisa, akakata shauri kwamba daftari limepotea. Halikupotea. Liko chini ya jina jingine umbali wa maili tatu.

Tuje sasa kwenye majina, ambayo ndiyo kiini cha habari. Tuseme palikuwa na mtoto aliyezaliwa katika kaunti ya Kerry mwaka 1810, jina lake nyumbani Tadhg. Kilatini hakina jina hilo. Padri, akitafuta jina la mtakatifu linalofanana nalo kwa mbali, alimwandika Thaddaeus. Mtoto akakua, akaenda kuandikishwa jeshini, na sajini ambaye hakuweza kutamka Tadhg wala hakuona maana ya Thaddaeus akamwandika Timothy. Hakuna uhusiano wa asili kati ya Tadhg na Timothy. Ni mazoea tu yaliyowaunganisha. Hali kadhalika Diarmuid akawa Jeremiah, Conchúr akawa Cornelius, Eoghan akawa Eugene, Domhnall akawa Daniel. Jina la Kikelti lenye maana na historia yake liliwekewa badala jina la nabii au mtakatifu ambaye hakuwa na hatia yoyote ila mlio wa herufi mbili tatu.

Wasomaji waliopata kuona vyeti vya ubatizo vya zamani vya parokia za Kikatoliki za Kenya wataitambua mandhari hii, zile Joannes na Josephus zikiwa zimepangwa katika safu. Haishangazi, kwani wamisionari wengi waliohudumu hapa walitoka Ayalandi. John Joseph McCarthy, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Nairobi kuanzia 1953 hadi 1971, alikuwa mmoja wao. Padri aliyebatizwa kwa jina la Kilatini katika nchi yake alikuja kubatiza kwa Kilatini katika nchi ya wengine. Tofauti, na ni tofauti kubwa, ni kwamba hapa jina la jadi liliendelea kuandikwa kando ya jina la ubatizo, ilhali kule jina la Kilatini lilichukua mahali pake.

Majina ya ukoo yalipatwa na makubwa zaidi. Mac maana yake ni mwana, na Ó maana yake ni mjukuu au kizazi. Ni mfumo ambao mtumiaji wa bin na binti haumtii shaka. Binti wa Ó Súilleabháin si Ó Súilleabháin, bali ni Ní Shúilleabháin, na tazama jinsi mwanzo wa jina wenyewe unavyobadilika: s imekuwa sh, ambayo hutamkwa h. Lugha inayogeuza mwanzo wa neno humtesa mtu atumiaye orodha ya alfabeti, kama vile mwanafunzi mgeni wa lugha yetu atafutavyo mawe chini ya herufi M, naye hayapati, kwa kuwa kamusi limeyaweka pamoja na jiwe. Chini ya utawala wa Kiingereza Ó na Mac ziliachwa na maelfu ya watu, na mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye, fahari ya taifa ilipoamka, wengi walizirudisha. Ndugu wawili waweza kuwa Sullivan na O'Sullivan, tena si ajabu mtu mmoja akawa yote mawili.

Kuna majina yaliyoandikwa kwa mlio, na kuna yaliyofasiriwa. Mac an Ghabhann ni mwana wa mhunzi. Akiandikwa kwa mlio huwa McGowan. Akifasiriwa huwa Smith, na katika kaunti ya Cavan wamo Smith wengi ambao hawana tone la damu ya Kiingereza kwa jina hilo. Tafsiri nyingine ni za makosa matupu. Huko Connemara watu wa ukoo wa Mac Conraoi waliitwa King, kwa sababu mwisho wa jina lao ulisikika kama rí, yaani mfalme. Jambo hili lina mizizi mirefu: tangu 1465 palikuwa na sheria iliyowataka Waayalandi wa kaunti zilizozunguka Dublin wajitwalie majina ya Kiingereza ya miji, ya rangi au ya kazi. Sheria hiyo haikufua dafu sana. Makarani wa karne ya 19, ambao hawakutumwa na sheria yoyote bali uvivu wa sikio, walifanikiwa kuliko bunge.

Isitoshe, jina la ukoo lilikuwa halitoshi hata lilipoandikwa sawasawa. Katika sehemu za Kerry na Cork akina Sullivan walijaa kila kitongoji, na jamaa za ukoo huo zilitofautishwa kwa lakabu. Magharibi zaidi watu waliitana kwa mnyororo wa nasaba: Seán Phádraig Mhicil ni Seán wa Pádraig wa Micil, sawasawa na tunavyosema Juma wa Ali wa Hamisi. Minyororo hiyo ilibeba vizazi vitatu katika pumzi moja. Hati ya jeshi iliikata ikabakiza kipande kimoja, nayo nasaba iliyokuwa imehifadhiwa katika usemi ikawa haipo tena katika maandishi.

Nisije nikaeleweka kwamba namlaumu padri kama ninavyomlaumu sajini. Daftari la parokia, pamoja na Kilatini chake, lina mambo ambayo jeshi halikuyajali. La kwanza ni mama. Katika daftari la ubatizo mama huandikwa kwa jina la ukoo alikozaliwa, si la mumewe, na kwa hiyo kila ubatizo hufungua njia mbili. Jeshi, kinyume chake, liliwaruhusu wake wachache tu katika kila kombania kufuatana na waume zao, na wengine wote halikuwatambua. La pili ni wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi walikuwa mashangazi, wajomba na majirani. Ukiwapanga wasimamizi wa watoto wote wa nyumba moja, ukoo mzima huanza kujitokeza. La tatu ni ruhusa za ndoa. Kanisa lilikataza ndoa ya watu wa damu moja mpaka daraja ya nne, na padri alipopata ruhusa ya kuwafungisha waliohusiana aliandika daraja yenyewe. Daraja ya tatu maana yake ni kwamba bibi na bwana wana babu mkuu mmoja. Mstari mmoja wa Kilatini kibovu, ulioandikwa mezani jikoni mwaka 1835, huvirudisha vizazi vitatu ambavyo havina daftari lolote. Hilo si jambo dogo katika parokia za magharibi, ambako madaftari mengi huanza baada ya 1820 tu.

Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ilianza kuyapiga madaftari hayo picha za filamu katika miaka ya 1950, mpaka kufikia mwaka 1880, na tangu Julai 2015 picha zake husomwa bure kwenye intaneti. Ni kheri kubwa. Lakini faharasa zilizotengenezwa juu yake hufuata umbo la Kiingereza, na mashine haijui kwamba Thaddaeus na Timothy ni mtu mmoja isipokuwa mtu aliyejua ameifundisha.

Daftari la parokia na hati ya jeshi hukutana mahali pa ajabu zaidi katika watoto wa rejimenti. Askari alioa alikopelekwa, akabatiza watoto Gibraltar, Malta, Halifax au Madras. Rudyard Kipling aliielewa vyema hali hii: katika riwaya yake Kim, iliyotoka 1901, mtoto wa sajini Mwayalandi hukulia mitaani Lahore akisema lugha za huko, na uzawa wake huthibitishwa na karatasi za marehemu baba yake zilizoshonewa ndani ya hirizi shingoni. Wanaozisoma karatasi hizo ni mapadri wawili wa jeshi, mmoja Mwanglikana na mmoja Mkatoliki. Sijui kama Kipling alikusudia mzaha, lakini yule asiyeweza kuzisoma alizivaa kama dawa, na waliozisoma walizitumia kumchukua mtoto. Vyote viwili ni matumizi ya kweli ya maandishi.

Yamebaki ya karne ya 20, nayo ni machungu. Waayalandi wapatao 200,000 walitumikia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waliorudi walikuta nchi iliyobadilika. Tarehe 31 Julai 1922, mwezi mmoja baada ya moto wa Dublin, rejimenti tano za kusini mwa Ayalandi zilivunjwa, miongoni mwao Connaught Rangers na Royal Munster Fusiliers. Katika taifa jipya askari wa zamani wa mfalme hakuwa na mahali pa kusimulia habari zake. Nishani zilifichwa sandukuni, na watoto wakakua bila kuambiwa. Bustani ya kumbukumbu iliyosanifiwa na Edwin Lutyens pale Islandbridge, Dublin, ilijengwa katika miaka ya 1930, ikaachwa kuharibika, ikatengenezwa na kufunguliwa rasmi Septemba 1988. Kwa jamaa nyingi, hati za London ndizo zilizohifadhi kile ambacho nyumba ilikikanusha. Na hata hizo hazikusalimika: Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliichoma ghala moja jijini London, na zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa kawaida wa vita hivyo yakaungua.

Juzuu nane za orodha ya kumbukumbu ya Waayalandi waliokufa, zilizochapishwa 1923 na kupambwa na msanii Harry Clarke, zina majina zaidi ya 49,000. Humo mna Waingereza waliokufa katika rejimenti za Kiayalandi, na kila Tadhg aliyemo ameandikwa jinsi jeshi lilivyomwita.

Mtu anayeandika nasaba, basi, aandike jina lipi? Wengi huchagua moja, kwa kawaida lile la Kiingereza, na kuyafuta mengine kana kwamba ni makosa ya tahajia. Naona hiyo ni njia mbaya. Kila umbo liandikwe pamoja na hati iliyolitoa na mwaka wake, kama mhariri wa utenzi anavyoweka tofauti za miswada chini ya ukurasa bila kudai kwamba mmoja wao peke yake ndio utenzi. Pengo lililopo kati ya Thaddaeus na Timothy ni sehemu ya maisha ya mtu huyo, sawa na jeraha lililotajwa katika hati yake ya pensheni.

Yafaa kutaja kwamba palifika wakati ambapo baadhi ya watu waliishika kalamu wenyewe. Katika fomu za sensa za 1901 na 1911, zilizojazwa nyumba kwa nyumba na ambazo sasa zasomwa na yeyote kwenye intaneti, wapo wenye nyumba waliokataa umbo la Kiingereza wakajiandika kwa Kiayalandi, wao na wake zao na watoto wao, kila mmoja na Ó au Ní yake. Wamo katika faharasa vile vile walivyojiandika. Wajukuu wao walioko Boston na Sydney huandika Sullivan kwenye kisanduku cha kutafutia, na jawabu huja kwamba hakuna mtu wa jina hilo katika nyumba ile.